Jina Langu Gazetini: Furaha za Wanafunzi wa Tanga wa Zamani

Chukua kitabu chochote cha historia ya elimu katika nchi yetu, fungua sura ya Wajerumani. Utakuta shule ilijengwa lini, gavana alikuwa nani, na kwa nini mkoloni alitaka makarani. Yote ni kweli, na yote yanafaa kwa mtihani. Lakini mwanafunzi mwenyewe yuko wapi? Alipotoka darasani mchana, jua la Tanga likimpiga utosini, alikwenda wapi? Alicheka na nani? Kitu gani kilimfanya kesho yake arudi tena kwenye shule ile yenye kiboko?

Nauliza hivyo kwa sababu wengi wetu tunaosoma kurasa hizi tu wanafunzi, au tulikuwa wanafunzi juzi tu. Tunajua chuo si vitabu peke yake. Kuna chai ya rangi na chapati moja ya kugawana watu watatu. Kuna baiskeli ya kuazima mpaka Raskazone kuogelea Jumapili. Kuna shairi lililoandikwa nyuma ya daftari la hesabu, likazungushwa bweni zima mpaka likachakaa. Wakubwa wetu huyaita mambo haya upuuzi wa ujana. Mimi nadai kwamba katika mwambao huu wa kaskazini, sehemu kubwa ya maandishi yetu ya Kiswahili ilitokana na upuuzi wa namna hiyo hiyo, na ushahidi upo.

Tuanze ng'ambo ya maji, Unguja, maana huko ndiko walikopelekwa baadhi ya vijana wa kwanza wa Bonde kusoma masomo ya juu. Wamisionari wa Kiingereza wa UMCA walikuwa na kituo Magila, si mbali na Muheza ya leo, na chuo chao kikubwa kilikuwa Kiungani, nje kidogo ya mji wa Zanzibar. Kijana aliyefanya vizuri Magila alishuka pwani, akapanda jahazi, akavuka. Kiungani alikuta wenzake kutoka kila upande wa bara, wengi wao watoto waliokuwa wametolewa katika majahazi ya watumwa.

Mwaka 1887 mwalimu mmoja wa misheni hiyo, A. C. Madan, alitoa kitabu cha masimulizi ya wanafunzi hao. Kila mmoja alieleza kwao ni wapi, alikamatwa vipi, na alipita katika mikono ya nani mpaka akafika pwani. Hebu fikiri: vijana wa umri wa sekondari wameketi na kalamu, wanaandika maisha yao wenyewe, zaidi ya miaka mia moja iliyopita! Lakini kitabu kilichapwa London kwa Kiingereza, tafsiri ya Madan. Vijana wale tunawasikia kupitia mdomo wa mtu mwingine, na kila nikikumbuka jambo hilo linanikera.

Mwaka uliofuata, 1888, likatoka jambo jingine ambalo halikuhitaji mfasiri. Pale Kiungani palikuwa na mtambo wa chapa, na kutoka hapo likazaliwa gazeti dogo lililoitwa Msimulizi, ambalo linahesabiwa miongoni mwa magazeti ya kwanza kabisa ya Kiswahili. Usidhani lilikuwa gazeti la siasa. Lilikuwa la habari za kawaida tu: nani kahamishiwa kituo gani, safari ilikuwaje, nani kafariki, mchezo ulikwendaje. Wanafunzi waliomaliza walitawanyika kwenda kufundisha Magila, Masasi na kwingineko, na huko walikokwenda waliandika barua kurudi kwa wenzao. Gazeti lilikuwa namna ya kuendeleza maongezi ya bweni baada ya bweni lenyewe kuvunjika.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji asimame kidogo. Mwalimu kijana, peke yake kijijini, hana wa kuongea naye habari za vitabu. Anaandika barua yake kwa taa ya mafuta, anampa mtu anayeshuka pwani. Zinapita wiki na wiki. Halafu siku moja linafika gazeti, na ndani yake mna barua yake, imepigwa chapa, herufi zimenyooka kama za vitabu vya wazungu, na chini yake pana jina lake. Sisi tuliowahi kuona jina letu gazetini kwa mara ya kwanza, hata kwenye ukurasa wa salamu tu, tunajua moyo unavyodunda. Kijana huyo alikuwa na sababu zaidi yetu, maana kwao hakuna mtu aliyewahi kuona jina la ukoo wao limechapwa popote.

Magila nao hawakukubali kubaki nyuma. Katika miaka ya 1890 kituo hicho kikawa na gazeti lake, Habari za Mwezi. Kwa hiyo Bonde ilikuwa inasoma gazeti la Kiswahili kabla ya nchi nyingi za Afrika hazijawa na gazeti lolote kwa lugha ya wenyeji wake.

Sasa tuvuke, tuingie Tanga mjini.

Wajerumani walifungua shule ya Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890. Tangu mwanzo ilikuwa na ugomvi, kwa sababu haikuwa ya dini. Gavana von Soden alijua wazi kwamba watu wa pwani ni Waislamu na hawatapeleka watoto wao kubatizwa, akataka shule isiyo ya kanisa, hata akapendekeza mwalimu wa Kurani awemo ili wazazi wasiogope. Wamisionari walikasirika kweli kweli. Lakini shule ikasimama, ikakua, ikawa ndiyo shule kuu ya serikali katika koloni zima. Vijana walitoka pwani na walitoka bara, wakalala bweni moja.

Hata neno lenyewe tunalolitumia kila siku lina alama ya wakati ule. Kabla ya hapo watu wa mwambao walikuwa na chuo, yaani pale mtoto anapofundishwa Kurani. Wazanzibari wakachukua skuli kutoka kwa Waingereza. Sisi wa Tanganyika tukachukua shule, na shule ni Kijerumani. Hela nayo ni hivyo hivyo, ilikuja na sarafu ya heller mwaka 1904. Mwanafunzi akilia leo kwamba shule haina raha na hela hakuna, maneno mawili katika kilio chake ni ya Mjerumani!

Mtoto wa Tanga aliyeingia shule ile hakuwa mjinga wa kusoma. Wengi walikuwa wamepitia chuoni, wakajua kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Sasa akajifunza herufi za Kirumi juu yake. Alirudi nyumbani na maandishi mawili mkononi: moja la kumwandikia babu, jingine la kumwandikia karani. Sina shaka kwamba palikuwa na majivuno hapo. Kijana anayejua jambo ambalo baba yake halijui, na bado anajua yale ambayo baba anayajua, huyo hutembea barabarani kwa mwendo wake mwenyewe.

Shule ilifundisha pia kazi za mikono, na mojawapo ilikuwa kupiga chapa. Palikuwa na mtambo, palikuwa na vijana wa kupanga herufi za risasi, moja moja, zikiwa kinyume, ili zikigandamizwa kwenye karatasi zisomeke sawasawa. Kutokana na mtambo huo lilitoka gazeti la Kiongozi, lililoanzishwa katika miaka ya kwanza ya karne ya 20 na kuendelea hadi 1916. Lilikuwa gazeti la serikali, hilo tusifiche. Lilitangaza amri, lilisifu utawala. Lakini gazeti la mwezi lina kurasa nyingi, na amri hazitoshi kuzijaza. Waliojaza ni walimu na makarani weusi, wengi wao wametoka katika shule hizo hizo: habari za miji yao, mvua, njaa, wanyama wakali, wageni waliopita, na mashairi.

Kusambaza hakukuwa tabu kama zamani, kwa sababu reli ilikuwa inapanda. Kutoka Tanga ilifika Muheza mwaka 1896, ikafika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na hatimaye Moshi, ambako ilifunguliwa mwaka 1912. Mwanafunzi aliyemaliza Tanga na kupewa kazi Korogwe au Same alikuwa bado yumo katika maongezi. Garimoshi lilileta chumvi, lilileta nguo, lilileta gazeti.

Tusijidanganye kwamba yalikuwa maisha ya starehe. Miaka hiyo ndiyo kodi ya nyumba ilipoanza kuuma, ndiyo watu waliposukumwa mashambani kufanya kazi kwa nguvu, na mwaka 1905 kusini kukalipuka Maji Maji. Kijana aliyehitimu Tanga angeweza kuwa akida, na makamba wengine wa akida wanajulikana walivyowatesa watu. Mwandishi wa habari njema za mvua angeweza kuwa ndiye huyo huyo aliyeandika orodha ya wasiolipa kodi. Sitaki tuwapambe mashujaa kwa sababu tu walipenda kalamu. Ninachosema ni kwamba ndani ya nyumba ya mkoloni, na kwa karatasi ya mkoloni, vijana wale walipata kona yao. Serikali ilitaka watu wa kusoma amri, wao wakaanza kusomana wenyewe kwa wenyewe.

Na ushairi haukuanzia shuleni. Mshairi wa mwambao huu, Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, alikuwa tayari ametunga utenzi mzima juu ya vita vya Wajerumani vya kuiteka Mrima, mambo ya 1888 na miaka iliyofuata, tena akiwa si rafiki wa Wajerumani hao. Wanafunzi walioandika mashairi katika Kiongozi walikuwa watoto wa mji unaojua mizani na vina kabla ya kujua kuhesabu kwa Kijerumani. Kitu kipya kilikuwa njia tu. Utenzi ulisomwa kwa sauti barazani, mbele ya watu unaowajua. Shairi la gazetini lilisomwa na mtu usiyemjua, huko Tabora au Lindi, naye akaweza kukujibu kwa shairi lake. Ndiyo ule mchezo wa majibizano ambao washairi wetu hawajauchoka mpaka leo.

Kulikuwa na furaha nyingine yenye kelele zaidi: matarumbeta. Shule ya Tanga ilikuwa na bendi ya wanafunzi. Siku kuu za serikali, kama ile ya kuzaliwa kwa Kaiser mwezi Januari, zilihitaji ngoma ya kizungu, na kwenye ngoma ya kizungu kijana wa Kidigo au wa Kibondei alishika tarumbeta la shaba linalong'aa, akavaa nguo nyeupe, akapita katikati ya mji. Mwalimu alidhani anafundisha nidhamu. Vijana walikuwa wanajifunza muziki.

Muziki huo haukubaki ndani ya ua wa shule. Kule Lamu na Mombasa, tangu miaka ya 1890, vijana walikuwa wameanza ngoma ya beni, jina likitoka kwenye bendi hiyo hiyo ya Kiingereza. Beni ilishuka mwambao, ikaingia Tanga na Dar es Salaam kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Ilikuwa na vyama viwili vikubwa vya kushindana, Marini na Arinoti, na kila chama kilikuwa na Kingi wake, majenerali wake, na sare zake. Wasomi na makarani walipenda zaidi Marini. Watu wa kazi ngumu walikuwa Arinoti. Walipigana kwa nyimbo, kwa mavazi, kwa karamu, mpaka mtu anauza mbuzi wa mwisho ili kikundi chake kisiaibike. Barua za kuilaumu beni ziliandikwa sana baadaye, kwamba ni upotevu wa mali na uigaji wa kitumwa. Mimi nadhani walaumu walikosea nusu. Kijana anayejiita jenerali katika nchi ambayo hawezi kuwa hata sajini bila ruhusa ya mzungu, huyo anajua anachofanya, hata kama anacheka huku anakifanya.

Kisha ikaja vita yenyewe. Tarehe 2 Novemba 1914 meli za Kiingereza zilitokea mbele ya Tanga zikiwa na askari wapatao elfu nane, wengi wao kutoka Uhindi. Kwa siku chache mji huu mdogo ukawa uwanja wa mapigano, na Waingereza wakashindwa vibaya na jeshi dogo la von Lettow-Vorbeck. Walirudi mwaka 1916 na safari hiyo wakauchukua mji. Kiongozi likafa mwaka huo huo. Bwana aliyelilipia karatasi hakuwepo tena.

Gazeti lilikufa, lakini wasomaji wake hawakufa. Vijana waliokuwa wamezoea kukaa pamoja kusoma walibaki mitaani, sasa wakifanya kazi kwa bwana mpya. Mmoja wao alikuwa Martin Kayamba, ambaye kisa chake nakiona ni kizuri kuliko vyote katika habari hii. Alizaliwa mwaka 1891 Mbweni, Unguja, akasoma Kiungani kama baba yake alivyosoma. Alizunguka Kenya na Uganda kutafuta maisha. Vita vilimkuta upande wa Wajerumani, wakamtia gerezani. Alipotoka aliajiriwa ukarani Tanga, katika ofisi ya wilaya, akapanda mpaka akawa karani mkuu.

Mwaka 1922, hapo hapo Tanga, Kayamba na wenzake walianzisha chama cha watumishi wa serikali Waafrika. Ukisoma vitabu vya siasa, chama hiki kinatajwa kwa haraka kama babu wa African Association ya 1929, na hivyo babu mkuu wa TANU ya 1954. Sawa, ni kweli. Ila ukiangalia walichokuwa wanafanya jioni, utakuta mambo ya kishule tupu: mahali pa kukutana, magazeti ya kusoma, mpira, mazungumzo. Waliosoma kwa wamisionari na waliosoma shule ya serikali, Wakristo na Waislamu, walikaa meza moja. Kwa maneno mengine, makarani wazima wenye familia walijijengea tena bweni. Hawakuweza kuishi bila lile waliloonjeshwa ujanani, yaani kukaa na wenzako mkasoma kitu na kubishana juu yake. Siasa ilikuja ikakuta viti vimeshapangwa.

Kayamba mwenyewe hakuacha kalamu. Mwaka 1931 alipelekwa London pamoja na wenzake wawili kutoa maoni mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza juu ya mpango wa kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki. Alirudi na kitabu cha safari, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza, kilichotoka mwaka 1932. Baadaye habari za maisha yake zilitiwa katika kitabu cha Kiingereza cha Margery Perham, Ten Africans, mwaka 1936. Ule mchezo wa Kiungani, kijana kueleza kwao ni wapi na amepita wapi, aliucheza hadi utu uzima, tena bila Madan wa kumtafsiria.

Waingereza walianzisha gazeti lao la Kiswahili, Mambo Leo, mwaka 1923 kule Dar es Salaam. Nalo lilikuwa la serikali, nalo likajazwa na barua na mashairi ya watu waliosoma kidogo na wenye hamu nyingi. Katika kurasa hizo, miaka ya 1930, alianza kuonekana karani mmoja wa forodha aliyezaliwa Vibambani, Machui, kusini kidogo ya Tanga, mwaka 1909. Jina lake Shaaban Robert.

Sisi huwa tunamwona Shaaban Robert kama sanamu: baba wa fasihi, nguzo, fahari ya taifa. Ukimtazama hivyo huwezi kumwona kijana aliyesoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, akaacha shule, hakuona mlango wa chuo, akaanza kuhesabu bidhaa za watu forodhani. Pangani ni mojawapo ya mahali alipofanya kazi. Waliowahi kufika Pangani wanajua jioni zake: mto unaingia baharini, kivuko kinakwenda Bweni na kurudi, minazi, ukimya. Karani mwenye miaka ishirini na kitu, mshahara mdogo, afanye nini na jioni kama hizo? Aliandika mashairi, akayapeleka Dar es Salaam kwa posta. Aliandika barua nyingi kwa ndugu yake Yusuf Ulenge, ambaye naye alikuwa mtu wa kalamu. Barua hizo, za tangu 1931 hadi 1958, zilihifadhiwa, na mwaka 2002 M. M. Mulokozi akazitoa kitabuni. Huko hukuti sanamu, unakuta ndugu wawili wanaoshughulika na fedha, ugonjwa, familia, kazi za kuandika na taabu za kupata wachapishaji. Ninyi mnaotaka kuwa waandishi, kabla ya kukariri Kusadikika kwa ajili ya mtihani tafuteni kwanza barua hizo.

Naruka miaka, maana nafasi inakwisha na muziki unanisubiri.

Mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida. Njiani ilikufa, ikafika hai 62 tu. Kutokana na hiyo 62 yakaja mashamba yaliyojaa kutoka Pangani hadi Korogwe, na mashamba yakavuta watu wa kufanya kazi kutoka nchi nzima na nje yake. Watu hao walikuja na jembe na walikuja na nyimbo. Katika miaka ya 1950 ikaundwa Tanga bendi iliyoitwa Young Nyamwezi, jina linalosema lenyewe wanamuziki walitoka wapi, nayo baadaye ikageuka kuwa Jamhuri Jazz. Atomic Jazz nayo ikapamba moto. Na katika taarabu, Black Star Musical Club ilifanya jambo ambalo wazee wa Unguja walilitazama kwa jicho la pembeni: ilipunguza vyombo, ikaingiza magitaa ya umeme, ikaleta midundo ya dansi. Wakatoka Lucky Star, wakashindana nao vikali. Sauti ya Shakila Saidi ikatoka Tanga ikasikika mpaka Mombasa na hata Burundi. Shakila aliaga dunia mwaka 2016, na mtu yeyote wa umri fulani ukimtajia Kifo cha Mahaba atanyamaza kwanza kabla ya kukujibu.

Mwanafunzi wa miaka ya 1960 na 1970 anayesoma Tanga aliishi katikati ya kelele hizo. Ngamiani, mtaa wenye barabara zinazoitwa kwa namba tu, ya kwanza, ya pili, mpaka ya ishirini na zaidi, ulikuwa na mlio wa gitaa kila kona. Aliyekuwa bwenini hakuruhusiwa kutoka usiku, kwa hiyo alisikiliza kwa mbali, au kwa redio ya mwalimu wa zamu. Jumapili kulikuwa na Coastal Union na African Sports, na bweni liligawanyika mapande mawili kama enzi za Marini na Arinoti. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 na ile siasa ya Elimu ya Kujitegemea, alilima pia. Akapewa ngonjera za kukariri, zile alizozieneza Mathias Mnyampala kupitia chama cha UKUTA. Ngonjera nyingi zilikuwa za kuhubiri tu, tusidanganyane. Lakini ziliwapa maelfu ya watoto waoga nafasi ya kusimama mbele ya watu na kusema kwa mizani.

Na wasichana? Katika habari zote hizi za chapa na tarumbeta wametajwa kidogo sana, kwa sababu shule za mwanzo ziliwachukua wachache na magazeti yakawachapa wachache zaidi. Furaha zao ziliingia katika nyimbo, katika lelemama, katika taarabu, mahali ambapo mwandishi wa Kiongozi hakuzichukulia kuwa habari. Ndiyo maana Shakila tunaye kwa sauti, na wenzake waliosoma na kuandika miaka hamsini kabla yake hatunao kabisa.

Kuna kitu kimoja cha wasichana wa shule ambacho kilidumu hadi miaka ya 1990, na wavulana walikiiga kimya kimya: daftari la nyimbo. Ni daftari la kawaida la kurasa 48 au 96, jalada limebandikwa picha kutoka gazetini. Ndani yake nyimbo za redio zimenakiliwa neno kwa neno. Redio haikurudia kwa ajili yako, kwa hiyo mmoja aliandika mstari wa kwanza, mwingine wa pili, wa tatu akakumbuka kiitikio, kisha wakakutana kuunganisha. Pembeni kuna maua ya kalamu ya rangi, salamu za marafiki, methali, na shairi moja au mawili ambayo mwenyewe hakuyatia jina lakini kila mtu darasani alijua ni yake. Hilo lilikuwa gazeti la toleo la nakala moja.

Kwenye ukuta wa madarasa mengi palikuwa na gazeti la ukutani, karatasi kubwa ya manila iliyojaa makala za mkono, katuni ya mwalimu wa zamu ambaye alijifanya hajaiona, matokeo ya mpira, na ushairi. Mwisho wa muhula liliondolewa likatupwa. Wanafunzi wa Kiungani mwaka 1888 walikuwa na mtambo, ndiyo maana tunaweza kuzungumza habari zao. Hawa wa juzi, ambao ni wengi mara elfu kuliko wale, walikuwa na manila na gundi.

Madaftari yale mtu unaweza kukutana nayo bado, ila kwa njia moja tu. Mama muuza karanga hununua karatasi kuukuu kwa kilo, huzikata, huzikunja pembe. Unamaliza karanga zako, unafungua karatasi uitupe, unakuta mwandiko wa wino wa buluu: nusu ya insha, alama kumi na nne juu ya ishirini, na pembeni, kwa kalamu nyekundu, mwalimu kaandika "endelea".